AC ndogo za USB: zipime kwa kanga mbichi kabla hujatuma hela

Kaskazi ikianza kuvuma, matangazo ya viboksi vinavyoitwa "AC ndogo" hujaa kwenye simu. Unachomeka kwenye chaja, unatia maji, na chumba kizima kinapoa, ati. Kama unaishi Dar es Salaam, usinunue. Sababu utaiona mwenyewe nyumbani bila kutoa hata senti.

Ndani ya kiboksi mna feni ndogo, sponji na tangi la maji, mara nyingi la nusu lita. Hakuna gesi wala kompresa. Maji yanapokauka kwenye sponji huchukua joto la hewa inayopita, kama yanavyoupoza mtungi wa udongo. Lita moja ikigeuka mvuke hubeba takribani kilojuli 2,400. Kwa hiyo nusu lita ikidumu saa tano, umepata upoaji wa wati 67 hivi. Mtu aliyekaa tu hutoa joto la wati 100! Kiboksi hakimudu hata joto la mwenye chumba, sembuse la bati na ukuta uliopigwa jua mchana kutwa. AC ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) huondoa wati 2,600 na kuzitupa nje. Hiki hakitupi kitu nje: joto linabaki chumbani limejificha kwenye mvuke, na mvuke huo ndio unaozuia jasho lako kukauka. Ndiyo maana baada ya saa moja milango ikiwa imefungwa unahisi fukuto zaidi kuliko mwanzo.

Sasa kipimo. Lowesha kanga, ikamue mpaka isidondoshe maji, itundike kwenye kamba mbele ya feni ya kusimama. Weka kipimajoto nyuma ya feni dakika kumi, soma. Kihamishie upande wa pili wa kanga, kisiguse kitambaa wala kurukiwa na matone, subiri tena dakika kumi. Tofauti unayoiona inatoka kwenye kitambaa kikubwa kuliko sponji ya kiboksi chochote. Mchana wa nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 65, maji hayawezi kupoza hewa chini ya nyuzi 26.6 hata kifaa kikiwa bora namna gani, na kanga haifiki huko. Tegemea nyuzi mbili au tatu. Funga madirisha, rudia baada ya saa moja, utaona tofauti imepungua. Dodoma, siku ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 35, kikomo ni nyuzi 19 na ushei. Kwa hiyo video iliyopigwa mahali pakavu inaweza isiwe ya uongo, ila haikuhusu wewe wa pwani.

Kutia barafu hakuokoi. Nusu kilo ikiyeyuka kwa saa mbili ni wati 23, na friji iliyoigandisha imeshamwaga joto zaidi ya hilo humo humo ndani. Ule ukungu mweupe wa kwenye tangazo nao ni matone yanayorushwa na kisahani kinachotetema, si baridi. Ukitumia maji ya kisima yenye chumvi, utakuta unga mweupe juu ya meza na sponji imeziba.

Kama umeshakinunua, kiweke nusu mita kutoka usoni, dirisha wazi, ukitumie kama feni. Sponji isuuze na kuianika juani, la sivyo itanuka. Kisikae juu ya ekstensheni, maji yakimwagika ni hatari.

Hela yako ipeleke kwenye feni. Feni ya wati 55 ikiwaka saa nane hula uniti 0.44, kama shilingi 157 kwa uniti ya shilingi 356. Pangaboi linalovuma lakini linazunguka kivivu, au linalosubiri kusukumwa kwa mkono, mara nyingi limechoka kapasita, kile kijisanduku kinachoipa mota msukumo wa kuzunguka. Zima umeme kwenye meni swichi, soma namba zilizoandikwa kwenye kapasita (nyingi ni mikrofaradi 2.5), nunua yenye namba zile zile. Ukifunga kubwa zaidi ili likimbie, unaweza kuunguza koili.

Nyavu za mbu zioshe kwa brashi na sabuni. Vumbi likiziba matundu, upepo hauingii hata ukiwepo. Usiku, nje kukipoa kuliko ndani, fungua dirisha la upande wa kaskazini mashariki, upepo unakotoka msimu huu, kisha weka feni kwenye dirisha la upande wa pili ikitazama nje. Itafukuza hewa ya moto iliyolala chini ya dari na kuvuta ile ya nje. Madirisha mengine ya chumba hicho yafunge, la sivyo feni itavuta hewa ya karibu yake tu na kitandani hutasikia kitu.