Kumtambua Koa wa Baharini Usiyemfahamu Ndani ya Tangi

Koa wa baharini huingia katika tangi la kufugia viumbe vya baharini pamoja na jiwe au tumbawe jipya, mara nyingi akiwa bado yai, na mwenye tangi humgundua siku anapomkuta akitambaa kwenye kioo. Kabla ya kumgusa, mpige picha juu, ubavuni na upande wa tumbo, mpime urefu, kisha andika ni saa ngapi ulimwona na alikuwa amekalia nini, kwa maana kile alichokalia aghalabu ndicho chakula chake, nacho hueleza mengi kuliko rangi. Rangi hudanganya: koa wanaokula polipu, yaani vijinyama vinavyounda tumbawe, huweza kuchukua rangi ya polipu hizo.

Hakikisha kwanza kwamba ni koa. Mnyoo bapa ni mwembamba kama karatasi, hana matamvua ya kupumulia, na vinavyofanana na pembe zake huwa ni mikunjo tu ya ukingo wa mwili.

Baada ya hapo chunguza mgongo. Shada la matamvua lililo karibu na mkia ni alama ya koa wa kundi la doridi, ambao wengi wao hula sifongo, na kwa sababu kila spishi huchagua sifongo wake, wengi hufa njaa tangini. Vidole laini vilivyotapakaa mgongoni ni vya kundi jingine, eolidi. Miongoni mwao yumo berghia, anayekula aiptasia, aina ya anemoni (wanyama wa baharini wanaofanana na maua) waharibifu, na wamo pia wanaotafuna matumbawe usiku, kwa hiyo warudie kuwatazama kwa tochi taa zikishazimwa. Koa mnene mwenye jozi mbili za pembe, anayetoa wino wa zambarau akisumbuliwa, ni sungura wa baharini, mla mwani. Wa kijani mwenye kingo zilizokunjamana huenda akawa elisia, ambaye hufyonza mwani na kuhifadhi mwilini kloroplasti zake, yaani chembe za kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga.

Wa kuogopwa zaidi ni filidia, mwenye vinundu mgongoni na matamvua yaliyofichika chini ya ukingo wa mwili, kwani sumu yake huweza kuua samaki waliomo tangini. Mtoe kwa kikombe pamoja na maji yanayomzunguka, bila kumbana.

Jina kamili la spishi wakati mwingine halipatikani bila hadubini, na kwa maoni yangu mfugaji halihitaji sana. Ukibaki na shaka, mtenge koa katika chombo kidogo chenye maji ya tangi lilelile, umwekee kipande cha kile unachodhani anakula, na umtazame usiku kucha.