Kuchagua mashine ya wembe: pima mwanya, kisha tazama mchomozo

Wateja wangu wengi hapa Bombo, Uganda, ni watu wasioruhusiwa kufuga ndevu: askari wa kambini, walinzi wa makampuni, madereva wa mabosi. Saluni nawanyoa kwa mashine ya umeme, lakini siku nyingine kila mtu hujinyoa kwake, na Jumamosi wananijia na shingo zilizojaa vipele wakiuliza wanunue mashine gani ya wembe. Nasema ile ya chuma inayofunguka, unaweka wembe mmoja wenye makali pande mbili, kisha unakaza mpini. Mvumbuzi wake, King Gillette, alipata hataza yake Marekani mwaka 1904, na umbo halijabadilika sana tangu hapo. Jina lake nalo limebaki vinywani mwetu, maana Waganda wembe wenyewe huuita kwa jina linalotokana na hilo.

Zamani nilikuwa nawajibu wote kwa namba moja, ya mwanya. Kuna afande mmoja aliyeumia kwa jibu hilo, na ndiye aliyenifanya nijifunze upya.

Hatua ya 1: Fahamu vipimo viwili

Fungua mashine uiangalie. Juu kuna kofia inayoukunja wembe kidogo, chini kuna bamba lenye upau wa kinga, ule ukingo unaotangulia kugusa ngozi. Nafasi iliyopo kati ya makali ya wembe na upau huo ndiyo mwanya. Huo ndio unaopimwa kwa milimita na kutangazwa na wauzaji.

Mchomozo ni jambo jingine. Chora kwa mawazo mstari ulionyooka kutoka ukingo wa kofia hadi kwenye upau. Ngozi yako hupita kwenye mstari huo. Makali yakibaki nyuma ya mstari, mchomozo ni hasi. Yakiwa sawasawa na mstari wenyewe, ni sifuri. Yakiuvuka kuelekea usoni, ni chanya.

Mashine mbili zinaweza kuwa na mwanya uleule wa milimita 0.7, moja ikapita shingoni kama kitambaa na nyingine ikakwangua. Tofauti iko kwenye mchomozo. Mwanya huamua ni kiasi gani cha povu, nywele na ngozi kitaingia mbele ya makali. Mchomozo huamua makali yatakukandamiza kiasi gani hata kama mkono wako ni mwepesi.

Hatua ya 2: Pima mwenyewe

Usitegemee boksi, hasa kwa mashine za bei rahisi. Weka wembe wa zamani, kaza mpini mpaka mwisho (ukilegea, vipimo vyote vitakudanganya), kisha upime.

Kwa mwanya, njia nzuri kuliko zote ni kumwomba fundi wa bodaboda akuazime fila, vile vibamba vyembamba vya chuma anavyopimia nafasi ya valvu. Kila kibamba kimeandikwa unene wake. Ingiza kimoja kimoja taratibu kati ya makali na upau hadi upate kile kinachopita kwa kugusa kidogo tu. Ukikosa fila, karatasi ya kawaida ya fotokopi, ile ya gramu 80, ina unene wa karibu milimita 0.1, karatasi saba zikishikana ni kama 0.7. Kadi ya ATM ni milimita 0.76, nayo hutosha kwa jibu la haraka: ikiingia na nafasi ikabaki, hiyo mashine ina mwanya mkubwa kwa mtu anayeanza.

Pima pande zote mbili. Nimeshika mashine mpya zenye 0.5 upande mmoja na 0.8 upande wa pili kwa sababu wembe haukukaa sawa. Ukilegeza, ukaurekebisha na kukaza tena lakini tofauti ikabaki, irudishe dukani.

Kwa mchomozo hakuna fila itakayokusaidia. Shika mashine ubavu, uinue kuelekea dirishani, upige picha kwa simu ukiwa karibu uwezavyo. Halafu weka ukingo wa karatasi ngumu, ya kadi ya mwaliko kwa mfano, uguse kofia na upau kwa pamoja. Ikigusa vyote viwili na makali yasiguse, una mchomozo hasi. Ikikalia makali na kuyumba, ikashindwa kugusa kofia na upau kwa wakati mmoja, huo ni chanya. Fanya hivi kwa subira, kwa sababu hiki ndicho kipimo ambacho muuzaji hatakuambia.

Hatua ya 3: Zijue ndevu zako

Ndevu za wengi wetu hujikunja tangu ndani ya ngozi. Ukizikata karibu mno, ncha iliyobaki huwa kali kama mwiba. Ikikua hujipinda na kurudi ngozini, au hupenya ukuta wa shimo lake kabla hata haijatokeza. Mwili huipokea kama kitu kigeni, na hapo ndipo kipele huvimba. Mambo matatu huharakisha hali hiyo: kuvuta ngozi ikakazika, kunyoa kinyume na ndevu zinavyolala, na makali yanayochomoza sana. Viwembe vya plastiki vyenye makali matatu au manne huleta shida ileile, kwani makali ya kwanza huuvuta unywele na yanayofuata huukata chini ya usawa wa ngozi.

Kwa hiyo, ukiwa na ndevu za kujikunja, anza na mchomozo ndipo uje kwenye mwanya.

Afande niliyemtaja ana ndevu nzito na hunyoa kila alfajiri kabla ya gwaride. Nilimwambia achukue mashine yenye mwanya wa 0.7, nikiamini ni wa wastani. Aliyoipata ilikuwa na mchomozo chanya. Wiki ya pili alirudi na shingo imechubuka kuanzia sikio hadi sikio. Tulitafuta nyingine yenye mwanya uleule, ila makali yake yakiwa nyuma kidogo ya mstari. Wembe ni uleule, sabuni ileile, na ngozi ikatulia.

Hatua ya 4: Chagua

Ndevu chache na ngozi nyepesi kuumia: mwanya wa 0.4 hadi 0.6, mchomozo hasi.

Ndevu nzito za kujikunja, unanyoa kila siku: mwanya wa 0.6 hadi 0.75, mchomozo hasi au sifuri. Wengi hushangaa nisipowapa mwanya mdogo kabisa. Mwanya mdogo hujaa povu na nywele haraka, nawe utaanza kukandamiza na kurudia palepale mara tano. Kurudia huko huumiza kuliko mwanya wenyewe.

Unanyoa mara moja kwa wiki na ndevu zimeshakuwa ndefu: unaweza kufika 0.8 au zaidi, bado nikikusihi uepuke mchomozo chanya shingoni.

Ukiwa na ndugu anayetoka nje, mwagize mashine yenye mabamba ya kubadilisha. Rockwell 6S huja na vipimo sita, kuanzia 0.20 hadi 0.79, hivyo unajaribu bila kununua mara sita. Zipo pia za kuzungusha namba, kama Merkur Futur. Lakini jua kwamba katika nyingi za aina hii, ukipanua mwanya mchomozo nao husogea. Mühle ya Ujerumani hutengeneza R89 na R41 zinazofanana kwa mbali, ila R41 ni kali mno, na sitamshauri mtu mwenye vipele aiguse.

Hatua ya 5: Ijaribu wiki mbili

Usibadilishe kitu kingine: wembe wa aina moja, sabuni moja. Lainisha ndevu kwa maji ya vuguvugu, paka povu, inamisha mashine kama nyuzi 30 na uache uzito wake ufanye kazi. Pita mara moja kufuata ndevu zinavyolala, basi. Kaunywele kadogo kalikobaki, kanakohisiwa kwa kidole, kasikusumbue.

Ukisikia makali yanatetemeka na kuruka, kagua kama wembe umebanwa vizuri. Ukibakiza ndevu nyingi bila kuumia, panda mwanya kwa 0.1. Ukichomwa hata kwa mkono mwepesi, punguza mchomozo, mwanya uuache ulivyo.

Mashine hii ni ya mtu mmoja. Usiazime hata kwa ndugu. Na kama shingo tayari ina vipele vyenye usaha, usianze majaribio haya sasa. Pumzisha ngozi karibu mwezi mzima, na uende kituo cha afya wakupe dawa kwanza.