Picha za ajali na vifo: nini upige, nini uchapishe, nini kibaki kwenye kadi

Chukulia lori limegonga daladala pale Kikatiti, barabara ya Arusha–Moshi. Polisi hawajafika, lakini simu zimeshainuliwa na picha zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mpiga picha wa habari anaingia hapo akiwa na deni moja kubwa kuliko mengine yote: mama wa marehemu asipate msiba kupitia picha yake.

Ukifika, tazama kwanza kama kuna majeruhi asiye na wa kumsaidia. Akiwepo, kamera irudi begani. Kama waokoaji wanatosha, kaa nje ya njia yao na ya gari la wagonjwa. Lenzi ndefu ya milimita 70–200 inakuwezesha kusimama mbali, mita 20 au 30. Usiku zima flashi, maana aliyebanwa kwenye vyuma hahitaji mwanga machoni. Fungua tundu la lenzi hadi f/2.8 na upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 au 6400. Chengachenga kwenye picha ni hasara ndogo.

Anza na picha pana ya barabara, kona au mteremko na jinsi magari yalivyokaa. Ufuate watu wakifanya kazi, kisha vitu kwa karibu: tairi lililopasuka, alama za breki, mzigo uliomwagika. Hizi za karibu wengi huzisahau, na mara nyingi ndizo zinazoonyesha chanzo. Usisogeze chochote, hata kiatu, ili picha ikae vizuri.

Je, upige miili? Tunasema ndiyo, pale kifo chenyewe kinaweza kuhitaji ushahidi: risasi, kipigo, uzembe. Kupiga na kuchapisha ni maamuzi mawili tofauti. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofanya kazi Arusha hadi 2015, ilipokea picha na video kama vielelezo. Picha inaweza kuwa na kazi nzito bila kutoka gazetini hata siku moja.

Hospitalini, iwe Mount Meru, Mawenzi au KCMC, pita kwa uongozi kwanza, kisha umwombe mgonjwa mwenyewe. Aliyelewa dawa ya usingizi au maumivu hawezi kukubali. Kutikisa kichwa kwake si ruhusa. Kwa mtoto, ongea na mzazi au mlezi. Mlangoni mwa mochwari, ndugu wakisubiri kutambua miili, kamera ikae ndani ya begi.

Kwenye kuchagua ndiko makosa yanakojaa. Mhariri akishaficha sura anajiona amemaliza, kumbe mtu hutambulika kwa mengi: namba ya gari, jina la basi ubavuni, reflekta ya bodaboda yenye jina la kijiwe, kitenge alichoondoka nacho asubuhi. Mei 6, 2017, wanafunzi 32 wa shule moja ya Arusha walifariki kwenye ajali ya basi Rhotia, Karatu, pamoja na walimu na dereva. Kwa ajali ya namna hiyo, sare peke yake inamfikia kila mzazi wa shule kabla orodha ya majina haijatoka. Kwa hiyo usitoe picha zinazoonyesha sare, namba na jina la basi hadi familia ziarifiwe. Umma una haki ya kujua basi ni la nani; saa chache za kusubiri haziifuti haki hiyo.

Halafu jiulize picha inajibu swali gani la umma. Katika mkanyagano wa Februari 2020 uwanja wa Majengo, Moshi, watu 20 walikufa wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Maswali yalikuwa njia za kupita, wingi wa watu na ulinzi. Mwili chini hauyajibu, geti linajibu.

Ikibidi kutoa picha inayoumiza, maelezo yake yaseme mtu huyo alifikia wapi. Machi 1993 The New York Times lilichapisha picha ya Kevin Carter ya mtoto wa Sudan aliyeanguka kwa njaa, tai akiwa nyuma yake. Wasomaji wengi walitaka kujua mtoto alipona au la, na gazeti likalazimika kutoa maelezo baadaye. Swali hilo lilipaswa kuulizwa kabla ya kuchapa.

Ukificha sura, ukungu hafifu hautoshi. Tumia miraba mikubwa, sita au saba tu kwa upana wa uso, au rangi moja nzito. Kalamu ya kupakia rangi ya simu mara nyingi haizibi kabisa: ukiongeza mwanga wa picha, sura inarudi. Hifadhi nakala mpya, futa taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili, na utume hiyo. Usigeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe ili kupunguza damu, chagua nyingine.

Kuna mtego mmoja wa mtandaoni: onyo unaloweka juu ya picha halisaidii kama picha hiyohiyo ndiyo inayojitokeza kiungo kinapotumwa WhatsApp au Facebook. Weka picha nyingine kwa ajili ya kiungo, kisha jitumie mwenyewe ujaribu kabla ya kuachia. Kumbuka pia Ibara ya 16 ya Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022; faragha si fadhila ya mhariri.

Picha ambazo hazikutoka ziwe na folda yake, majina ya faili yakianza na NYETI, tarehe na mahali, na jina la anayeruhusu zitolewe. Bila hivyo, mwakani mtu wa zamu ataichukua moja kupambia habari ya ajali nyingine. Ndugu akipiga simu kulalamika, iondoe picha kwanza kwenye tovuti na kurasa zote za mitandao, ndipo mjadili. Nakala halisi ibaki kwenye folda.