Jinsi ya kusoma rangi na mapezi ya furu kwenye tangi lako

Nafuga furu, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, wa aina mbili, kila aina na tangi lake. Pundamilia pundamilia, dume wake ni wa buluu mwenye mistari myeusi. Pundamilia nyererei, dume wake ana mgongo mwekundu, na jina alipewa kwa heshima ya Mwalimu. Majike wa pande zote ni wa kijivujivu, hata mimi hunichanganya.

Hatua ya 1: Maji na taa. Maji yawe maangavu na taa iwe nyeupe. Watafiti waliwahi kuwawekea furu hawa mwanga wa rangi ya machungwa, nyekundu na buluu zikawa hazitofautiani. Majike wakaacha kuchagua madume wa aina yao. Tope hufanya kazi hiyohiyo ziwani: sehemu za Ghuba ya Mwanza zenye maji machafu, aina hizi zimechanganyika damu. Ndiyo maana siwaweki pamoja.

Hatua ya 2: Kaa mbali kidogo, tulia. Wakikuona karibu wanadhani umeleta chakula, na hapo hutasoma kitu.

Hatua ya 3: Mtafute mwenye eneo. Ndiye anayewaka rangi, mara nyingi kando ya jiwe. Aliyefifia si lazima awe mgonjwa. Mimi nilimwaga dawa wiki nzima kwa dume mmoja aliyepauka. Nilipomhamisha mbabe wake, siku hiyohiyo akawaka kama taa ya karabai.

Hatua ya 4: Tazama mapezi kabla ya rangi. Dume anayetisha hujipanga ubavu kwa ubavu na mwenzake, mapezi yote wazi, aonekane mkubwa. Anayesalimu amri huyakunja na kuondoka. Asipokuwa na pa kuondokea, ataumizwa, kwa hiyo ongeza mawe na mapango.

Hatua ya 5: Uchumba. Dume hutetemeka mbele ya jike, kisha humwongoza kwenye eneo lake. Angalia pezi la chini, nyuma ya tumbo: lina madoa ya manjano yanayofanana na mayai. Jike akishataga huyakusanya mayai mdomoni, kisha huyadonoa madoa yale pia, na hapo ndipo anapopokea mbegu za dume.

Ukiona jike kidevu kimevimba na hagusi chakula, usimtibu. Ana watoto mdomoni. Mpe wiki kama tatu.