Papai bichi kwa nyama ngumu, papai bivu kwa tumbo

Wanaolalamika kwamba papai halikulainisha nyama yao nawauliza swali moja: lilikuwa bichi au bivu? Karibu wote walitumia bivu. Kinacholainisha nyama ni papeini, kimeng'enya kinachovunjavunja protini, nacho kimo kwenye utomvu mweupe wa papai bichi. Tunda likiiva, utomvu unapungua sana na papeini inakwenda nao.

Hatua ya 1. Tafuta papai gumu, la kijani. Lichanje kwa ncha ya kisu. Likitoa maziwa, ndilo. Paka mikono mafuta kwanza, utomvu unawasha.

Hatua ya 2. Lioshe, usilimenye. Utomvu mwingi uko karibu na ganda, kwa hiyo paruza kipande pamoja na ganda lake. Kwa kilo moja ya nyama, kijiko kimoja cha chakula cha papai hilo kinatosha. Ukitia nusu kikombe utakula uji wa nyama.

Hatua ya 3. Kata nyama vipande vidogo, maana papeini haipenyi mbali: pande kubwa litalegea juu na kubaki gumu ndani. Changanya vizuri, uache. Ng'ombe nampa saa moja, kuku dakika 15. Usilaze mpaka asubuhi, hata kama jirani anafanya hivyo.

Hatua ya 4. Weka motoni. Nyama inapopata joto papeini huongeza kasi, lakini mchemko huiua. Ndiyo maana kutupia papai kwenye sufuria inayotokota ni kazi bure.

Sasa tumbo. Hapa chukua papai bivu. Choo kikiwa kigumu, kula vipande viwili au vitatu kila siku na unywe maji ya kutosha. Nyuzinyuzi zake bila maji hazisaidii sana. Usitegemee nafuu ndani ya saa moja, lipe siku kadhaa. Ukiona damu chooni au maumivu makali, hilo si la papai, nenda kwa daktari.

Mjamzito aepuke papai bichi lenye utomvu. Mwenye mzio wa mpira asiliguse kabisa.

Ukisaga papai bivu na maziwa, kunywa papo hapo. Yakikaa yanakuwa machungu. Mbegu nazo usizitupe zote: kausha, saga, nyunyiza kidogo mahali pa pilipili manga.