Somo: Kufanya staje ya kulinda makasa ukitokea Lubumbashi

Barabara ya taifa namba 1 ya Kongo, ile inayotupeleka Kasumbalesa mpakani na Zambia, ncha yake ya pili iko Banana, kwenye maji ya chumvi. Nilimaliza masomo ya tiba ya mifugo hapa Lubumbashi bila kuwahi kuiona ncha hiyo. Mikono yangu ilizoea ng'ombe na mbwa. Kisha nikaenda miezi mitatu Muanda, mji wa pwani, kufanya staje (mafunzo ya kazi) ya kulinda makasa, yaani kobe wa baharini. Tangu nirudi naulizwa mambo yale yale, basi nayaandika mara moja.

Kwanza nivunje ndoto moja. Stajeri hashiki kasa kila siku. Usiku mwingi unatembea, unakaa, unaandika "hakuna" kwenye daftari. Na ile "hakuna" ni kazi kamili: bila hiyo, mwakani hakuna atakayejua kama makasa hawakuja au ni sisi tuliolala.

Hatua ya 1: Chagua bahari na majira

Nchi yetu ni kubwa, lakini pwani yake ni kilomita 40 hivi tu. Sehemu yake imo ndani ya hifadhi ya mikoko iliyoanzishwa mwaka 1992, chini ya ICCN, shirika la serikali linalosimamia hifadhi za taifa. Wanaopanda ufukoni kutaga huko ni hasa kigome, kasa mdogo wa rangi ya zeituni, na noa, yule mkubwa kuliko wote, mwenye mgongo wa ngozi badala ya gamba gumu. Lenga miezi ya mvua, Oktoba mpaka Februari. Ukienda Julai utahesabu kaa.

Njia nyingine ni Kenya (ile nchi, siyo Kenya, komini yetu ya hapa Lubumbashi) au Tanzania. Huko utakutana zaidi na kasa wa kijani na ng'amba, na kazi inafanyika kwa Kiswahili. Muanda Kiswahili hakikusaidii: ni Kikongo, Lingala na Kifaransa. Mimi wiki ya kwanza nilikuwa kama bubu.

Hatua ya 2: Barua

Andika miezi mitatu kabla. Weka barua ya fakultati, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na kurasa mbili za maelezo yako. Usiandike "napenda wanyama", kila mtu anaandika hivyo. Andika unachoweza kufanya: kupima, kujaza fomu, kutengeneza pikipiki, kupika kwa watu kumi. Mwisho huo si mzaha.

Hatua ya 3: Njia

Ndege mpaka Kinshasa, kisha gari: Matadi, Boma, Muanda. Mvua ikinyesha usimwahidi mtu siku ya kufika.

Hatua ya 4: Usiku

Hapa ndipo kazi ilipo. Mnatoka wawili wawili, nguo nyeusi, taa nyekundu ya kichwani ambayo muda mwingi imezimwa. Macho yanazoea giza baada ya nusu saa. Hutafuti kasa, unatafuta njia yake mchangani. Noa huacha mfereji mpana kama trakta imepita, karibu mita mbili, mapezi ya kulia na kushoto yakiwa sambamba. Njia ya kigome ni nyembamba, na alama zake zinapishana, moja mbele, moja nyuma.

Ukimkuta anapanda, kaa chini palepale. Akianza kuchimba, msogelee kwa nyuma, kamwe si mbele ya macho yake. Anachimba kwa mapezi ya nyuma, moja baada ya jingine, analikunja kama kiganja kinachochota unga, na hamwagi hata punje ndani ya shimo. Mpaka hapo usimguse. Mayai yakianza kudondoka, meupe, ukubwa wa mpira wa ping-pong, ndipo anapotulia nawe unaweza kupima. Tunatumia mita laini ya fundi wa kushona, unaipitisha juu ya gamba kutoka shingoni mpaka ncha ya nyuma. Kigome wengi wana sentimita kama 70. Kagua mapezi ya mbele kama yana kibati cha namba. Kama kipo, kisome mara mbili, na mwenzako akisome ya tatu.

Akimaliza kufukia, kigome hujiyumbisha kushoto na kulia akishindilia mchanga kwa kifua: du, du, du. Usiku usio na upepo utamsikia kabla ya kumwona.

Sasa kosa langu. Wiki ya pili simu iliita mfukoni. Alikuwa mama, anataka kujua kama nimekula. Nikaitoa, kioo kikamulika mchanga, na jike aliyekuwa ameshapanda mita kama kumi akageuka akarudi majini. Msimamizi wangu hakunigombeza. Alinipa tu daftari niandike kwa mkono wangu: saa 5:40 usiku, kupanda bure, sababu: simu.

Hatua ya 5: Mayai

Kiota kikiwa mahali ambapo mawimbi yanakula ufuko (na Muanda ufuko unaliwa kweli), mayai huhamishiwa kwenye kitalu chenye uzio. Lazima iwe ndani ya saa chache baada ya kutagwa, na kila yai likae upande ule ule lilivyokuwa. Baada ya hapo mtoto hujishika kwenye ganda, na ukiligeuza yai unamuua.

Kitalu kina kivuli kwa sababu joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia. Karibu nyuzi 29 wanatoka mchanganyiko, juu ya hapo majike, chini yake madume. Siku 45 mpaka 60 baadaye watoto wanatoka, kwa kawaida usiku, na wanakimbilia upande wenye mwanga zaidi. Zamani huo ulikuwa bahari. Siku hizi unaweza kuwa taa ya baa.

Baada ya siku mbili tatu mnafukua kiota na kuhesabu: maganda matupu, mayai yaliyooza, waliokufa, waliokwama. Harufu inakaa kwenye kucha. Fufu ya jioni hiyo niliila kwa kijiko, wenyeji wakanicheka.

MASWALI NILIYOULIZWA (kutoka komini za Lubumbashi na mji wa Kipushi)

Kutoka Katuba: Yaya (dada mkubwa), mimi sijui kuogelea. Nitaweza?
Utaweza. Miezi mitatu maji hayakunipita magoti. Ila sema mapema, wasikupange kwenye mtumbwi.

Kutoka Kampemba: Wanalipa?
Mara nyingi hapana. Uliza kwa maandishi kabla ya kununua tiketi: kitanda ni cha nani, chakula cha nani, ukiugua malaria nani anakupeleka. Na nauli ya kurudi uiache kwa mtu nyumbani, usiibebe, utaila.

Kutoka Ruashi: Yaya, mama anakataa, anasema binti hatembei usiku ufukoni na wanaume.
Mama ana haki ya kuuliza. Mimi nilimpa namba ya msimamizi, wakaongea wenyewe. Omba mwenzako wa doria awe mwanamke, na chumba chenye ufunguo. Wakisita kukujibu hilo, tafuta kwingine.

Kutoka Kamalondo: Kasa aliyenaswa kwenye nyavu, hatikisiki, amekufa?
Usikimbilie kusema hivyo. Anavuta hewa kama sisi, huenda amezimia tu. Mlaze kwa tumbo, usimlaze chali, inua upande wa nyuma sentimita 15 au zaidi ili maji yatoke mapafuni, mweke kivulini na kitambaa kibichi mgongoni, pua iwe wazi. Mpe mpaka saa 24. Na wakikukaribisha nyama yake, kataa: biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tena nyama hiyo imewahi kuua walaji.

Kutoka Kipushi: Huku hakuna bahari. Ukirudi inakusaidia nini?
Swali la baba yangu hilo. Kuweka namba, kupima, kurudi mahali palepale kila siku na kuandika bila kudanganya: ndiyo kazi ile ile inayofanyika Upemba na Kundelungu, hifadhi za taifa za huku kwetu. Mahojiano yangu ya mwisho waliniomba daftari, si diploma.

Kutoka Katuba tena: Nibebe kalamu gani?
Kreyo, yaani penseli. Biki, kalamu ya wino, haiandiki kwenye karatasi iliyolowa. Beba tatu, mbili zitaazimwa.