Namna ya Kulilaza Gari la Zamani kwa Muda Mrefu Ukanda wa Pwani

Gari linalotembea kila siku hujitunza lenyewe kwa kiasi kikubwa, kwa sababu joto la injini hukausha unyevu, oili huzunguka na kuvifunika vyuma, breki husuguana na kung'aa, na dereva husikia mlio mgeni siku ileile unapoanza. Gari lililosimama hunyimwa yote hayo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anayelazimika kuliacha gari lake analolipenda kwa mwaka mmoja au zaidi, kwa sababu ya safari, masomo, ugonjwa au uhaba wa fedha za matengenezo, asifikiri kwamba kulifungia bandani ni kulipumzisha.

Gari ninaloliandikia hapa ni Peugeot 504 ya petroli ambayo marehemu baba yangu alituachia Tanga, na ambayo nimewahi kuilaza mara mbili: mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vizuri. Gari hili halihitaji kutambulishwa kwa watu wa Afrika Mashariki, maana ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 toleo lake la milango miwili (coupé) lenye injini ya V6 likashinda tena mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Kwa kuwa yalikuwa mengi barabarani, fundi mwenye subira bado anaweza kupata spea za injini, breki na gia kutoka kwenye magari yaliyochakaa. Kisichopatikana ni bodi nzima isiyo na kutu. Hilo ndilo lililonifundisha mpangilio wa kazi hii: kwanza linda kile usichoweza kukinunua tena, kisha ndipo uishughulikie injini.

Adui mkubwa wa bodi pwani ni unyevu uliobeba chumvi. Chumvi iliyotua juu ya chuma huvuta maji kutoka hewani, hivyo kutu huendelea kula hata siku ambazo mvua hainyeshi. Kama una ndugu anayeishi bara penye hewa kavu, kwa mfano Dodoma, na ana banda salama, basi gharama ya kulipeleka gari huko ni ndogo kuliko gharama ya kuchomea bodi baadaye. Ukilazimika kubaki pwani, chagua banda lililo mbali na ufuo kadiri inavyowezekana, lenye paa lisilovuja na nafasi ya hewa kupita juu ya kuta. Chumba kilichozibwa kabisa huhifadhi unyevu kama chungu kilichofunikwa. Usiliweke gari juu ya majani wala udongo mtupu, kwa kuwa ardhi hutoa mvuke usiku kucha kuelekea chini ya bodi. Kama sakafu si ya saruji, tandika karatasi nene ya nailoni yenye upana kuliko gari. Chini ya mnazi pasifikiriwe hata kidogo, na chini ya mwembe utomvu na matunda yaliyooza huharibu rangi.

Wakati mzuri wa kuanza ni miezi mikavu kabla ya masika, yaani Januari au Februari, ili gari lilale likiwa limekauka. Lioshe kwa maji yasiyo na chumvi, si yale ya kisima cha karibu na bahari, na uoshe zaidi sehemu zisizoonekana: ndani ya matao ya magurudumu, chini ya milango, kwenye kingo za chesesi na popote tope linapojificha. Zibua vitundu vya kutolea maji chini ya milango kwa waya laini, kwa sababu milango mingi ya magari haya huoza kutoka ndani kwenda nje. Kisha liendeshe, uliache juani siku mbili huku milango, boneti na buti vikiwa wazi, na baada ya hapo upake nta kwenye rangi yote na kwenye sehemu za kromu. Chini ya gari paka dawa ya nta ya kuzuia kutu, lakini usipake lami nyeusi juu ya kutu iliyopo, maana lami ikipasuka hufungia maji ndani na kuficha uharibifu.

Mzunguko wa mwisho usiwe mfupi. Endesha angalau nusu saa hadi injini ipate joto kamili, kisha mwaga oili ikiwa bado ya moto na ubadilishe na chujio lake. Wengi huona ni ufujaji kuweka oili mpya kwenye gari ambalo halitembei, lakini oili iliyotumika ina maji na asidi zilizotokana na mwako, na hizo zitakaa zikigusa beringi kwa miezi yote hiyo. Ukishaweka oili mpya, iache injini inguruma dakika kumi hivi ili ienee kila mahali.

Kuhusu petroli, mafundi hawakubaliani. Baadhi husema tangi likaushwe, wengine husema lijazwe. Kwa tangi la chuma katika hewa ya pwani, mimi nasimama na wanaolijaza, kwa kuwa tangi tupu lina hewa nyingi, na hewa hiyo hupoa usiku ikaacha matone ya maji kwenye kuta zake. Petroli nayo huzeeka: hupoteza sehemu zake nyepesi na kuacha utando kama gundi unaoziba matundu madogo ya kabureta. Kwa hiyo jaza tangi, ongeza dawa ya kuhifadhi petroli ikiwa inapatikana, na kila baada ya miezi sita hivi itoe petroli hiyo, uitumie kwenye gari jingine kabla haijaharibika, kisha ujaze mpya. Kazi hiyo ifanyike nje, betri ikiwa imetolewa, bila sigara wala moto karibu. Kabureta yenyewe iachwe tupu: chomoa mpira unaoleta petroli, uzibe, kisha iache injini itumie kilichobaki hadi izime yenyewe.

Maji ya rejeta yasipuuzwe, kwa kuwa 504 ina kichwa cha aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na maji ya bomba peke yake hushambulia vyote viwili. Yamwage, suuza mfumo, kisha jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kutoka hewani, hivyo yabadilishwe kabla ya kulilaza gari, la sivyo utakuta pistoni za breki zimeshikwa na kutu ndani ya silinda zake.

Ndani ya silinda za injini, fungua plagi, tia kijiko kimoja cha chai cha oili safi katika kila tundu, kisha zungusha injini kwa mkono ukitumia spana kwenye boliti ya puli ya mbele, mizunguko miwili au mitatu. Rudisha plagi. Oili hiyo hufunika kuta za silinda na kuzizuia ringi za pistoni zisigandane nazo.

Sasa nifike kwenye kosa lililoigharimu sana 504 yetu mara ya kwanza, kosa linalofanywa kwa nia njema kabisa. Nilimwomba kijana wa nyumbani awe anaiwasha kila Jumamosi kwa dakika tano, “ili isife.” Alifanya hivyo kwa uaminifu kwa miezi kumi na minne. Niliporudi, eksozi ilikuwa imeoza matundu, oili ilikuwa na rangi ya maziwa chini ya mfuniko, na betri ilikuwa haifai tena. Sababu yake si fumbo. Kila lita ya petroli inayoungua huzalisha karibu lita moja ya maji katika hali ya mvuke. Injini ikiwa ya moto kabisa, mvuke huo hutoka wote nje; lakini kwa dakika tano eksozi bado ni baridi, mvuke hugeuka maji humo humo, na sehemu nyingine hupenya kando ya ringi ikaingia kwenye oili. Petroli isiyoungua nayo huosha oili kwenye kuta za silinda. Juu ya hayo, starta hula umeme mwingi ambao dakika tano za kunguruma haziwezi kuurudisha. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: ama gari liendeshwe barabarani nusu saa hadi kila kitu kipate moto, ama lisiwashwe kabisa. Hakuna njia ya katikati, na ukimwachia mtu ufunguo, mweleze sababu, usimpe amri tu.

Betri itolewe. Isafishe, iweke mahali penye ubaridi, na uichaji kila mwezi; kipimo kikisoma karibu volti 12.6 baada ya kupumzika, imejaa, na ikishuka chini ya 12.4 usisubiri. Betri iliyoachwa bila chaji katika joto la pwani huharibika ndani ya miezi michache.

Hendibreki isivutwe, kwa sababu viatu vya breki hugandana na dramu. Zuia magurudumu kwa matofali. Kwa miezi michache yatosha kuongeza upepo wa matairi hadi PSI 40 na kulisogeza gari robo mzunguko wa gurudumu kila mwezi, ili uzito usilale mahali pamoja. Kwa mwaka na zaidi, liinue juu ya stendi za chuma, lakini stendi zikae chini ya mikono ya magurudumu au ekseli, si chini ya chesesi, ili springi zibaki zimebeba uzito kama kawaida na mipira ya shokapu isivutike. Usitumie magogo ya mti juu ya udongo: mchwa hula gogo kimyakimya kutoka ndani, na gari la kilo zaidi ya elfu moja haliangushwi mara mbili.

Panya wanastahili aya yao. Hupenda joto la banda, hujenga viota ndani ya nyumba ya chujio la hewa na kwenye sponji za viti, na hutafuna maganda ya nyaya hadi shaba ionekane. Nyaya hizo ndizo huwasha moto siku ya kwanza ya kurudisha betri. Safisha ndani ya gari hadi punje ya mwisho ya karanga na chembe ya mkate chini ya viti. Ziba mdomo wa eksozi na wa kuvutia hewa kwa wavu mdogo wa chuma, ambao pia huwazuia nyigu wanaojenga kwa tope. Tumia mitego, wala si sumu, kwa sababu panya aliyekula sumu huenda kufia ndani ya dashibodi au viti, na harufu yake hukaa kuliko safari yako. Kila ulichokiziba kiandike kwenye kadi na uifunge kwenye usukani, ili mtu asije akawasha injini huku eksozi imezibwa.

Turubai la plastiki usilitumie, hata kama ni jipya. Huzuia mvuke usitoke, na asubuhi ukiliinua utakuta bodi imelowa kama iliyonyeshewa. Funika kwa kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa, na ukifue kila kinapopata vumbi, kwa maana vumbi likisuguliwa na upepo wa kusi huikwaruza rangi. Vioo viteremshwe upana wa kidole, penye wavu dhidi ya wadudu, na vikapu viwili vya makaa makavu viwekwe sakafuni kupunguza ukungu. Vibadilishwe masika yakianza. Mipira ya milango paka poda ya watoto ili isigandane na rangi.

Bima usiifute yote. Uliza kama kampuni yako inatoa bima ya moto na wizi peke yake, kwani banda huungua, na bodi nzuri huvutia wezi.

Kila mwezi mtu aliyekabidhiwa afunue gari, anuse, aangalie chini kama kuna matone, akanyage klachi na breki mara kadhaa ili visigandane, na azungushe injini kwa spana mizunguko miwili. Kazi hiyo haizidi nusu saa.

Siku ya kuliamsha usianze na ufunguo. Ondoa vizuizi vyote ukifuata kadi, badilisha oili na mafuta ya breki, na pinda kila mpira wa petroli kwa vidole. Ulio na nyufa utupwe, kwa sababu petroli inayovujia injini ya moto imeyamaliza magari mengi ya umri huu. Soma namba nne za mwisho za alama ya DOT kwenye tairi: 2319, kwa mfano, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi lililopita miaka kumi libadilishwe hata kama kashata zake bado ni nene. Mwaga petroli ya zamani, weka mpya, toa plagi, kisha piga starta bila plagi hadi taa ya oili izimike. Rudisha plagi, weka kizimamoto karibu, ndipo uwashe. Moshi wa buluu wa dakika za mwanzo ni ile oili uliyoitia kwenye silinda. Jaribu breki ukiwa bado uani, kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha uzunguke mitaa ya karibu, urudi, uinue boneti na uangalie tena kila mahali ulipofungua kwa spana.